Taa ya mkanda wa dereva haizimiki: swichi yake hufanyaje kazi?

Mwenye_Gari
Wakuu, naomba ufafanuzi. Nina gari la mtumba kutoka Japani ambalo taa nyekundu ya mkanda wa dereva inabaki ikiwaka hata nikishafunga, na mlio unaanza kila gari linapochanganya mwendo. Nikiukandamiza ulimi wa mkanda upande mmoja, taa inazimika kidogo, kisha inarudi. Fundi ameshauri waya ukatwe. Kabla ya kukubali, ningependa kujua gari linatambuaje kwamba mkanda umefungwa.

Fundi_Umeme
Ndugu, swichi imo ndani ya kifungio, kile chenye kitufe chekundu cha kufungulia. Ulimi unaponaswa humo husukuma kipande kidogo cha plastiki, nacho hutenganisha au hukutanisha vibati viwili vya umeme. Katika magari mengi ya zamani, mkanda usipofungwa vibati hugusana na kuupeleka waya wa taa kwenye ethi (bodi ya gari, upande wa hasi), ndiyo maana taa huwaka. Ukifunga, njia hiyo hukatika. Yapo magari yenye mpangilio wa kinyume, kwa hiyo pima kwa mita ya umeme badala ya kukisia. Magari mengi mapya zaidi hayana vibati bali sumaku na kihisi, na kompyuta hupima mkondo unaopita: ukikata waya au kuuunganisha moja kwa moja, itasoma hitilafu.

Kwa kuwa taa yako hubadilika unapokandamiza ulimi, nashuku kifungio kuliko waya. Soda iliyomwagika ikakauka, mchanga, hata sarafu, vyote huzuia kile kipande kufika mwisho. Puliza kwa upepo wa kompresa, wala usitie oili, maana oili hukusanya vumbi.

Mkaguzi
Naongezea jambo ambalo Fundi_Umeme hakulitaja. Katika magari mengi, taarifa ya swichi hiyo hiyo huenda pia kwenye kompyuta ya mifuko ya hewa, ambayo huitumia kuamua namna ya kufyatua mfuko ajali inapotokea. Ukikata waya huzimi kelele tu. Tena, soketi za rangi ya njano chini ya kiti kwa kawaida ni za mifuko ya hewa au za kifaa kinachokaza mkanda ghafla wakati wa kugongana. Usichomeke mita humo kamwe. Kabla ya kugusa chochote, zima gari, toa waya wa hasi kwenye betri na usubiri dakika kadhaa, kwa sababu kompyuta hiyo huhifadhi umeme wa akiba.

Mwenye_Gari
Ahsanteni sana, wakuu. Waya haukatwi. Na je, kwa nini mlio huanza nikiweka kiroba cha unga kwenye kiti cha abiria?

Fundi_Umeme
Kiti hicho kina kihisi cha uzito chini ya sponji, nacho hakitofautishi unga na mtu. Kiroba kihamishie buti.