Karavani la ekseli mbili linakula tairi moja la nyuma: nianzie wapi?

bodi_jeupe
Wakuu habari. Nina karavani, ile nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari, ekseli mbili, springi za pleti zile za kawaida, si ekseli za mpira. Tairi la nyuma kulia linalika ukingo wa ndani, karibu nyuzi zitokeze, na ukingo wa nje bado una kashata (yale meno ya tairi) safi kabisa. Halafu mlango wa kuingilia unagoma kufunga tukiwa tumepaki, lazima niuinue kidogo kwa mkono. Nikikata kona kali kuingia mahali pa kupaki nasikia mlio wa chuma kusaga chuma huko chini.

Nimemwita fundi, akachungulia dakika mbili bila hata kupiga jeki, akasema ekseli zimekufa, springi zote zibadilishwe, na huenda chesisi imepinda kwa sababu ya huo mlango. Hiyo ni bei ya kunifanya niuze trela lenyewe. Kabla sijatoa hela, nikague nini na kwa mpangilio gani?

upepo_kwanza
Cheki upepo mkuu. Mara nyingi ni upepo tu.

mzee_chesisi
Upepo ukiwa mdogo tairi linalika kingo zote mbili. Ukizidi linalika katikati. Ukingo mmoja peke yake hauletwi na upepo, kwa hiyo hilo tuliweke pembeni.

Bodi jeupe, usinunue chochote kwanza. Umetuambia habari za tairi moja, na trela la ekseli mbili lina manne. Nenda kayasome yote, kwa mkono, si kwa macho. Pitisha kiganja kwenye kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ukihisi laini ukienda na makali ukirudi, kama unapapasa msumeno, tairi hilo linaburuzwa kwa ubavu: haliendi kule linakoelekea. Likiwa laini pande zote ila limeinama upande mmoja, basi gurudumu limelala, na hapo ndipo unapoanza kushuku ekseli iliyopinda au beringi iliyolegea.

Kisha linganisha kulia na kushoto kwenye ekseli ileile. Yakilika ndani yote mawili, mzigo umezidi au ekseli imepinda katikati. Ekseli nyingi hizi hutoka kiwandani zikiwa na tao dogo kwenda juu ili zikibebeshwa mzigo zinyooke. Ukiona tao limegeuka chini, imeisha. Likilika ndani moja tu na mwenzake ni mzima, tazama mkono wa gurudumu hilo (ncha ya ekseli linapovalia) na beringi yake. Lakini la kulia likilika ndani na la kushoto likilika NJE, ekseli yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa. Imekaa mshazari tu.

Utajua kwa tepu. Vuta trela mbele mita kadhaa kwa mstari ulionyooka, kwenye sakafu ya usawa, usimame bila kurudi nyuma hata kidogo. Ukirudi nyuma matairi yanabaki yamejisokota na vipimo vinadanganya. Weka kabari. Dondosha timazi kutoka katikati ya kichwa cha kuunganishia, pale tufe la gari linapoingia, na uweke alama chini. Fanya hivyo kwenye ekseli ya mbele, alama moja kila upande, sehemu zinazofanana. Pima kutoka kichwani hadi kila alama. Zikitofautiana zaidi ya milimita 3 hivi kuna jambo. Halafu pima ekseli ya mbele hadi ya nyuma, kushoto na kulia. Chukua tepu ya chuma na mtu wa kushika upande wa pili, ya kitambaa huvutika.

Beringi: inua gurudumu, shika juu na chini, tikisa. Jeki iwekwe chini ya chesisi karibu na hanga za springi (vile vyuma vilivyochomelewa kwenye chesisi kushikilia springi), KAMWE si katikati ya bomba la ekseli. Nimeona ekseli nzima zikipindishwa na watu waliokuja kukagua kama zimepinda.

Na kuhusu mlango: unagoma wakati ile miguu ya kona imeshushwa, au hata ikiwa juu?

bodi_jeupe
Asante sana mzee. Nimeshinda chini ya trela, nguo zote zimejaa kutu.

Mlango: miguu ikiwa juu unafunga vizuri kabisa! Nikiikaza ndipo unagoma. Sikuwahi kuunganisha hayo mawili.

Matairi ya mbele yako sawa. La nyuma kushoto limelika ukingo wa nje, si sana, lakini kiganja kinakwaruzwa. La kulia lina msumeno wa wazi.

Kichwani hadi ekseli ya mbele: tofauti ni milimita 2. Ekseli hadi ekseli: kushoto 838, kulia 851. Nimerudia, ni hivyohivyo. Beringi hazichezi.

mzee_chesisi
Basi fundi wako angekuuzia springi nne na ekseli mbili, na tatizo lingebaki palepale.

Mlango uache. Miguu ya kona ni ya kuzuia trela lisiyumbe, si ya kuliinua. Ukiikaza mno unasokota bodi, na mlango ndio wa kwanza kulalamika. Sawazisha trela kwanza kwa mbao chini ya matairi na kwa jeki ya mbele, kisha shusha miguu mpaka iguse, ongeza mzunguko kidogo, acha. Ningeogopa chesisi kama mlango ungegoma trela likiwa limesimama kwa matairi yake, au kama ungeona bati limekunjamana na pembe za dirisha zimefunguka.

Sasa hizo milimita 13. Kwa mpangilio wa springi zako ekseli ya mbele inashikiliwa na hanga ya mbele. Springi ya nyuma imefungwa moja kwa moja kwenye hanga ya nyuma kabisa; upande wake wa mbele unaning'inia kwa shakeli (kiungo cha chuma kinachobembea) kwenye ikwalaiza, kile kipande cha katikati kinachogawa mzigo, na huko kunaruhusiwa kucheza. Kwa hiyo ekseli ya nyuma ikirudi nyuma upande mmoja, mshukiwa ni hanga ya nyuma kulia. Kila shimo na kila breki inaisukuma kinyumenyume.

Safisha hanga hiyo kwa brashi ya waya pale ilipochomelewa kwenye chesisi, hasa ukingo wake wa mbele, maana ukiisukuma kwenda nyuma huo ndio unaovutwa. Ufa huonekana kwanza kama uzi mwembamba wa kutu juu ya rangi. Usipouona vizuri, tumia dawa ya kupenya nyufa: unapaka, unafuta, unapuliza ile nyeupe, na ufa unajichora wenyewe.

Kisha toa bolti ya springi. Vibushi vya plastiki wanavyofungia viwandani, vile vipete bolti inamopita, huisha haraka sana, na vikiisha bolti inaanza kula tundu la hanga mpaka linakuwa na umbo la yai. Huo mlio wako wa kwenye kona nadhani unatoka humo. Mwambie mtu avute trela polepole kwenye kona kali nawe usimame mbali, uziangalie hanga. Kutikisika kidogo ni kawaida ya ekseli mbili. Ikiinama kama mtu anayechuchumaa, si kawaida.

bodi_jeupe
Uzi wa kutu upo!!! Ukingo wa mbele, kama urefu wa kidole gumba. Na tundu ni yai kabisa. Hanga ya kushoto haina ufa lakini bushi zimeisha vilevile. Nichomelee juu ya ufa nimalize?

moto_wa_taa
Hapana ndugu yangu, ngoja kwanza. Mimi ni mchomeleaji. Ukipaka juu ya ufa, ufa unabaki chini na utatokea pembeni. Na hanga iliyokwisha kupinda na kuliwa tundu haifai kunyooshwa. Kata, saga mpaka chuma safi, weka mpya kwa vipimo vyako (838 pande zote mbili), ishikize kwa nukta chache za kuchomelea, PIMA TENA, ndipo uchomelee kamili. Mshono uende kwa urefu wa boriti. Usikatishe boriti kwa mshono wa upana, bapa la chini la chesisi za karavani ni jembamba na hapo ndipo litakapopasuka. Na fungeni bomba la mraba kutoka hanga ya kulia hadi ya kushoto, hizi hanga hufa kwa kuyumbishwa ubavuni.

Kabla ya moto: toa betri, toa mitungi ya gesi, bandua plastiki ya chini na sponji. Juu ya chuma hicho kuna mbao. Klempu ya arthi iwe karibu na unapochomelea, umeme usipite kwenye beringi. Na ukimaliza usiondoke, kaa hapo na maji.

mzee_chesisi
Amesema kweli tupu. Kwa kuwa utakuwa umefungua, weka bushi za shaba na bolti zenye nipeli ya grisi pande zote, pamoja na shakeli nene. Bolti hizo zina meno shingoni: shika kichwa, zungusha nati. Ukizungusha kichwa meno yanakula tundu jipya siku ileile.

bodi_jeupe
Na springi?

mzee_chesisi
Pima kutoka ekseli hadi chini ya chesisi, mahali pamoja kwenye kila gurudumu, trela likiwa na mzigo wa safari. Zikikaribiana na hakuna pleti iliyokatika, ziache. Tairi la kulia badilisha, hilo limekwisha. Nati za magurudumu uzikaze tena baada ya kilomita 80 hivi.