Tupeane uzoefu: Rangi ya nyuma ya maandishi kwenye Word ilishawahi kukuumbua?

Wino_Mweusi
Wakuu habari za jioni. Nina steshenari ndogo huku Mbagala. Leo mchana kaja kijana na flashi yake, anataka nimprintie barua ya maombi ya kazi nakala tano. Nafungua faili, mstari wa tatu kuna ANDIKA JINA LA KAMPUNI HAPA, nyuma yake njano inawaka kama koti la bodaboda. Aya inayofuata anaapa kwamba yeye ni mtu makini hata kwa mambo madogo. Nikamwonyesha. Akashika kichwa: "Kaka, nimeshaituma kwa email sehemu saba."

Nikamcheka, halafu nikajikumbuka. Mwaka 2014 nilikuwa katibu wa kamati ya harusi yangu mwenyewe (ndiyo, yangu mwenyewe, ndugu walikwepa wote). Orodha ya michango nikaipaka rangi nyuma ya majina: aliyemaliza ahadi kijani, aliyetoa nusu njano, ambaye hajatoa hata mia nyekundu. Ilikuwa iende kwa mwenyekiti peke yake. Kidole kikateleza ikaenda grupu la WhatsApp la ukoo mzima. Na kwa kuwa majina niliyapanga kwa heshima, wakubwa juu, nyekundu ya kwanza kabisa ilikuwa ya baba mkwe.

Ndoa ilifungwa. Lakini hadi leo nikienda kumsalimia, kabla sijamaliza shikamoo ananiuliza, "Leo mimi niko rangi gani?"

Karibuni mtoe yenu.

Mama_Pacha
"Leo mimi niko rangi gani" 😂😂 nimecheka peke yangu kwenye mwendokasi watu wananiangalia.

Ngulu_wa_Forodhani
Huyo mzee alilipa lakini?

Wino_Mweusi
Alilipa siku ileile, mara mbili ya ahadi, mbele ya watu. Ndiyo maana naumia.

Chaki_Vumbi
Mkuu umenigusa kidonda. Mimi ni mwalimu, sitaji shule wala mkoa.

Mtihani wa nusu muhula kidato cha pili, Jiografia, maswali 20 ya kuchagua. Nikitunga huwa naweka alama kwenye jibu sahihi palepale ili nikimaliza nisianze kutafuta upya. Sasa ofisi yetu ya walimu ni chumba kimoja, wanafunzi wanaingia na madaftari, wanapita nyuma yako. Nikasema njano itaonekana. Nikachukua kile kindoo cha rangi kwenye Word, nikapaka kijivu nyepesi sana nyuma ya kila jibu sahihi. Kwenye laptop yangu, ambayo kioo kilishafifia, ile kijivu huioni mpaka uinamishe kioo kama unayetafuta unywele kwenye uji. Nikajiona mjanja.

Usiku wa kwenda kuprinti nikablok karatasi yote, nikabonyeza ile kalamu ya kuhailaiti, nikachagua No Color. Kwenye kioo naona nyeupe tupu. Nikajua imetoka. Nikampa mhazili, akatoa nakala moja kwenye printa ya leza, nyingine akadurufu.

Siku ya mtihani mimi ndiye nasimamia. Dakika ya kumi hivi naona kitu sijawahi kukiona: darasa zima limeinua karatasi usawa wa pua. Mmoja anaiangalia kwa ubavu, mwingine kaielekeza dirishani. Nikadhani chapa haisomeki. Nikauliza, "Kuna swali halionekani?" Wakajibu kwa pamoja, "HAPANA MWALIMU, YOTE YANAONEKANA." Kwa furaha. Hapo ningeshtuka, sikushtuka.

Nasahihisha jioni. 20. 20. 20. 20. Nimefika karatasi ya kumi na nane bado ni 20. Nikaichukua moja nikaisogeza kwenye taa. Nyuma ya kila jibu sahihi kuna vitone vidogo vidogo kama mtu kamwaga chumvi. Printa yetu ya leza haina wino wa kijivu, ina mweusi tu, kwa hiyo kijivu inaichora kwa vitone. Kile ambacho kioo changu kilikificha, karatasi ilikitoa chote.

Wanafunzi 54. Waliopata 20 ni 53. Mmoja kapata 11, mtoto wa watu, kumbe nakala yake ilikuwa ya mwisho mwisho na mashine ilishaanza kufifia, vitone havikutoka. Huyo ndiye mwanafunzi pekee niliyejua uwezo wake kwa muhula ule.

Niliandika barua ya kujieleza. Jaribu kueleza "kijivu nyepesi" kwa mkuu wa shule ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Mpaka leo nikipita koridoni nasikia "Ticha Chumvi".

Mama_Pacha
TICHA CHUMVI 😭😭😭

Saidi_Kibodi
Uzi ufungwe, tumeshapata mshindi.

Ngulu_wa_Forodhani
Mwalimu pole. Ila yule wa 11 mlimfanyaje?

Mzee_wa_Hoja
Mimi siamini. Mwalimu anatunga mtihani, anaweka majibu, halafu "bahati mbaya" majibu yanatoka? Sema ukweli, watoto wa tuisheni walikuwa wangapi humo?

Chaki_Vumbi
@Mzee_wa_Hoja kama ningetaka kuwauzia ningewapa wale wenye hela, si wote 54 bure. Hata wizi una hesabu zake.
@Ngulu mtihani ulirudiwa wiki iliyofuata, wote. Yule akapata 12. Wengine wastani ukawa 9. Yeye ndiye aliyepanda.

Mzee_wa_Hoja
Bado nina mashaka.

Saidi_Kibodi
Mzee wewe hata kwenye uzi wa kupika maandazi ulikuwa na mashaka. Mwache mwalimu.

Kitaalamu kilichomkuta ni hiki, na kinawakuta wengi: Word ina rangi za nyuma za aina mbili zinazofanana kwa macho. Kuna ya kalamu, ipo karibu na vifungo vya herufi, ina rangi 15 tu. Na kuna ya kindoo, ipo upande wa aya, hiyo ina rangi yoyote unayotaka. Ukipaka kwa kindoo, No Color ya kalamu haiigusi. Ukipaka kwa kalamu, kindoo hakiioni. Kila mmoja anafagia uchafu wake tu.

Nyambura_Kasarani
Sisi huku Kenya hii kitu imetutesa pia. Kuna siku niko saiba, nimeandika kitu kwa Google Docs kwa simu, nikapaka njano sehemu za kurekebisha. Nikadaunlodi kama Word nikafungua kwa ile kompyuta ya saiba. Nabonyeza kalamu, No Color, njano iko. Nabonyeza tena, iko. Jamaa wa saiba anachaji kwa dakika na ananiambia ati ni virusi. Kumbe ile njano ya Google ikifika kwa Word inaingia kama ya kindoo. Nililipa nusu saa ya kupigana na njano.

Wino_Mweusi
Huyo jamaa wa saiba ni mwenzangu kazini, hilo la virusi tunalisemaga sote tukikwama 😅

Mteja mwingine kanikumbusha ugomvi. Alileta kadi ya kipaimara ameitengeneza mwenyewe, ukurasa mzima rangi ya damu ya mzee, kwenye kioo inapendeza. Naprinti, inatoka nyeupe. Akasema nimebana wino wake. Mpaka majirani wakajaa. Rangi ya ukurasa mzima Word haiprinti mpaka uende kwenye Options, Display, uweke tiki kwenye Print background colors and images. Mimi nilikuwa sijui, yeye hajui, tumesimama tunatukanana mbele ya mashine isiyo na kosa.

Daktari_wa_Samaki
Wakuu nisaidieni haraka, kesho saa nne naikabidhi ripoti ya utafiti. Kuna sehemu nili... nilichukua maelezo sehemu fulani nikapesti. Yamekuja na kijivu nyuma. Kalamu No Color haitoi. Nifanyeje?

Saidi_Kibodi
"Sehemu fulani" 😂 Sema ChatGPT, tuko wenyewe hapa.

Daktari_wa_Samaki
Sehemu fulani.

Mzee_wa_Hoja
Paka nyeupe juu yake, basi.

Nyambura_Kasarani
Nyeupe haimo kwa zile 15 za kalamu. Na ukipaka ya kindoo, msimamizi wako akifungua na kioo cheusi cha usiku huenda ataona vibandiko kama plasta. Usifanye hivyo.

Ngulu_wa_Forodhani
Kata yote, ipesti Notepad, irudishe. Inarudi uchi kabisa.

Saidi_Kibodi
Notepad itamlia majedwali. Blok, bonyeza Ctrl na Space. Ikigoma, Ctrl na Q. La kwanza linatoa rangi iliyoshika herufi, la pili linatoa iliyoshika aya. Njano ya kalamu halitoi, ila wewe tatizo lako si kalamu. Siku nyingine ukipesti chagua Keep Text Only.

Mama_Pacha
Au andika mwenyewe kwa maneno yako, dawa ya asili.

Afisa_Kimya
Nimesoma kimya tangu mwanzo, acha nitoe langu. Nilikuwa masijala ofisi fulani. Nikaambiwa nitume matokeo ya usaili kwa waombaji, kila mmoja aone alama zake, za wengine zifichwe. Walikuwa sita. Nikachukua kalamu, rangi nyeusi, nikapaka juu ya majina na alama za wengine. Likawa jeusi kama lami, nikajipongeza. Nikalituma vilevile, faili la Word.

Baada ya dakika ishirini simu ikaita. Mmoja wa waombaji, mpole kabisa: "Samahani dada, huyu aliyepata 41 ndiye mliyemchukua?" Alikuwa amebloku, ametoa rangi. Kubofya mara mbili tu. Niliyekuwa nimempaka lami alikuwa amekaa pale chini yake mzima, na alama zake, na maoni ya mwenyekiti wa jopo kwamba "anaongea sana".

Saidi_Kibodi
Dada usijione peke yako. Januari 2019 huko Marekani mawakili wa Paul Manafort, yule aliyewahi kuwa meneja wa kampeni ya Trump, waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari myeusi. Waandishi wa habari wakakopi zile sehemu nyeusi, wakapesti kwingine, maneno yote yakajitokeza. Hao ni mawakili wa kulipwa kwa dola. Rangi nyeusi ni shuka, haifuti kitu. Futa maneno yenyewe, weka nyota, ndipo utume.

Mzee_wa_Hoja
Na huyo wa 41 alichukuliwa?

Afisa_Kimya
Naomba nisijibu.

Mzee_wa_Hoja
Mnaona? Halafu mnaniambia nina mashaka.

Fundi_Redio
Mimi nyekundu na kijani sizitofautishi, nimezaliwa hivyo. Bosi analeta ripoti "kijani imekamilika, nyekundu imechelewa". Naona kahawia na kahawia. Miaka mitatu nilikuwa nasubiri wenzangu waguse kazi kwanza ndipo nijue rangi. Andikeni na neno pembeni jamani.

Wino_Mweusi
Dah @Fundi_Redio hilo sikuwahi kuliwaza. Kwa hiyo baba mkwe kwako angekuwa kamaliza mchango.

Fundi_Redio
Kwangu mimi wote wamemaliza.

Ngulu_wa_Forodhani
Hamieni LibreOffice badala ya Word mpumzike, bure kabisa.

Saidi_Kibodi
LibreOffice nayo ina rangi ya nyuma ya herufi na ya aya mbalimbali. Utahama nyumba, kunguni unahama nao.

Ngulu_wa_Forodhani
Angalau hao kunguni hawana leseni ya kukraki kama yako.

Saidi_Kibodi
Leseni yangu nimeinunua.

Mzee_wa_Hoja
Hapo pia nina mashaka.

Daktari_wa_Samaki
Wakuu asanteni, Ctrl na Space imefanya kazi! Nimeblok ripoti yote, nikabonyeza, kijivu kimepotea chote. Mungu awabariki.

Chaki_Vumbi
Hongera. Ila inamisha kioo uangalie vizuri. Nakwambia kama mtu aliyeungua.

Daktari_wa_Samaki
Wakuu.

Utafiti wangu ni wa sato na sangara Ziwa Victoria. Majina ya kisayansi lazima yaandikwe kwa herufi za kulala, Oreochromis niloticus, Lates niloticus, yapo karibu kila ukurasa. Sasa hivi yote yamesimama wima. Na herufi nene za kwenye majedwali zimekwenda. Kurasa 94.

Nyambura_Kasarani
Woi. Nani alikwambia ublok YOTE?

Saidi_Kibodi
Nilisema blok, sikusema blok zote! Ctrl na Z upesi, usiguse kitu kingine.

Daktari_wa_Samaki
Nilishasevu nikafunga. Nikazima na kompyuta, kwa furaha.

Wino_Mweusi
Njoo na flashi, nipo mpaka saa sita usiku. Kulaza samaki, shilingi mia mbili kwa ukurasa.