Risasi kongwe za mfumo mfupi: zihuishwe, au ziachwe zilivyo?

Msasi wa Bondeni ameandika:

Wanajamvi, habari za jioni. Mwaka jana jirani yangu hapa Pennsylvania, mzee aliyekuwa akihamia kwa binti yake, aliniuzia bunduki yake ya kuwindia kulungu, Savage 99 ya wenzo inayotumia risasi za .250 Savage. Ni bunduki nyepesi, haimuumizi mtu bega, na mti wa kitako chake umeng'aa mahali ambapo shavu la mzee limeegemea miaka yote hiyo. Tatizo lilianza niliposhindilia risasi zangu mwenyewe kwa vichwa (kile kipande kinachoruka kutoka mtutuni) virefu vya greni 120, greni ikiwa ni kipimo kidogo cha uzito, vyenye ncha kali, nikidhani kwamba kichwa kizito kingestahimili upepo vizuri zaidi. Katika yadi 100 matundu kwenye karatasi hayakuwa ya duara: matatu kati ya matano yalikuwa marefu mfano wa kokwa za tende, maana yake vichwa vilifika vikiwa vimelala ubavu.

Risasi hii ilibuniwa na Charles Newton na kutolewa mwaka 1915, na sifa yake ilikuwa kurusha kichwa cha greni 87 kwa kasi ya futi 3,000 kwa sekunde, jambo la kujivunia wakati ule kiasi kwamba likatiwa ndani ya jina, 250-3000. Zipo nyingine za mfumo mfupi, yaani zile ambazo urefu wake mzima hauzidi milimita 72 hivi, ambazo nazo zimekula chumvi nyingi: .300 Savage ya 1920 na .243 Winchester ya 1955. Ninachouliza ni hiki: kwa nini viwanda visizihuishe risasi hizi kwa vichwa na baruti za leo, badala ya kutuletea kila uchao jina jipya linalotulazimisha kununua bunduki nyingine?

Fundi Mitutu amejibu:

Ndugu Msasi, hayo matundu yako ya kokwa za tende yamekwisha kujibu nusu ya swali. Kilichopitwa na wakati katika bunduki yako ni mtutu, si ganda la risasi. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu hukizungusha kichwa ili kisiyumbe, na kadiri kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji msokoto mkali zaidi. Angalia kwamba nimesema kirefu, sikusema kizito, ingawa kwa kipenyo kilekile mambo hayo mawili kwa kawaida hufuatana. Bunduki za zamani za .250 zilikuwa na msokoto wa mzunguko mmoja katika inchi 14, ambao ulitosha kabisa kwa greni 87. Inasimuliwa kwamba Newton mwenyewe alipendelea greni 100, lakini kampuni ya Savage iliitaka ile namba ya 3,000 ya kutangazia biashara, na mtutu ukachongwa kuifuata namba.

Sasa tazama ganda lenyewe. La .250 Savage lina urefu wa milimita 48.6, na la 6.5 Creedmoor, ambayo kila kijana dukani anaiulizia tangu itoke mwishoni mwa miaka ya 2000, lina milimita 48.8. Kitako cha maganda yote mawili kina kipenyo kilekile cha milimita 12. Ndiyo, la Creedmoor limenyooka zaidi ubavuni na bega lake, pale ganda linapobanwa kuelekea shingoni, lina pembe ya nyuzi 30, lakini mtu aliyezoea kushika maganda akifumbwa macho atapapasa mara mbili kabla ya kusema lipi ni lipi. Kwa kipenyo chako hasa, watengenezaji wa risasi Hornady wametoa 25 Creedmoor, na msokoto wake ni mkali karibu mara mbili ya ule wa bunduki ya jirani yako. Huko kuhuisha unakokuuliza kumekwisha kufanyika, ila mtoto hakupewa jina la babu.

Ganda fupi lina faida nyingine ambayo wengi hawaioni. Mwaka 1997 kampuni ya Remington walitoa .260, ambayo ni ganda la .308 Winchester lililobanwa shingo, lenye urefu wa milimita 51.7. Ukitia humo kichwa kirefu cha kisasa, magazini fupi inakulazimisha ukizamishe ndani kabisa mpaka kinachukua nafasi ya baruti. Waliobuni Creedmoor walipunguza milimita tatu za ganda, kichwa kikapata pa kukaa. Savage walikuwa na kipimo hicho zaidi ya miaka 90 kabla, wala sidhani kwamba walikuwa wanafikiria vichwa virefu; walitaka tu risasi iingie katika bunduki yao.

Kulungu Mmoja amejibu:

Mimi sioni kinachohitaji kuhuishwa. Nimewinda kwa .243 kwa misimu kumi na tisa, kichwa cha greni 100, mtutu wa msokoto wa inchi 10 kama ulivyotoka kiwandani. Kulungu wangu wa mbali kuliko wote nilimpima kwa hatua nikafikia 180. Kulungu hajabadilika tangu 1955, na porini ninapowinda miti haimruhusu mtu kuona mbali kuliko hapo. Anayetaka kulenga bamba la chuma umbali wa kilomita moja na anunue bunduki ya kazi hiyo.

Bi Shabaha amejibu:

Ninakubaliana na Kulungu Mmoja kuhusu mnyama, lakini hoja yake inasahau vichwa vya shaba. Hapa California, tangu tarehe 1 Julai 2019, hairuhusiwi kuwinda mnyama yeyote kwa risasi zenye madini ya risasi. Shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, kwa hiyo kichwa cha shaba cha uzito uleule huwa kirefu zaidi, na tunarudi palepale alipotufikisha Fundi: mtutu wa zamani unashindwa kukituliza. Mwenye .243 anaweza kushuka hadi greni 80 au 85 akawinda bila shida, lakini mwenye .250 ya msokoto wa inchi 14 hana pa kushukia pakubwa. Kwake yeye suala la kuhuisha halihusiani na mashindano ya umbali. Ni suala la kuendelea kuitumia bunduki yake au kuitundika ukutani.

Kuhusu majina mapya, Ndugu Msasi, mimi pia yalikuwa yananiudhi, mpaka nilipofikiria upande wa usalama. SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa Marekani iliyoanzishwa 1926, huweka kikomo cha shinikizo kwa kila risasi, na kikomo hicho lazima kivumiliwe na bunduki dhaifu kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwa jina hilo. Kikomo cha .300 Savage ni pauni 47,000 kwa inchi ya mraba, na cha .308 Winchester ni 62,000. Kiwanda kikiuza .300 Savage "ya kisasa" yenye nguvu za .308, boksi moja litaishia katika bunduki ya 1921 iliyokuwa imelala kabatini, na atakayeifyatua ni mjukuu asiyejua lolote. Kutoa jina jipya ndiyo njia ya kuhakikisha kwamba risasi hiyo haiingii katika chemba isiyoiweza.

Wakati mwingine jina hubadilishwa kwa sababu ya aibu tu. Remington walitoa .244 mwaka uleule wa 1955, wakaipa msokoto wa inchi 12 kwa vichwa vya greni 75 na 90. Wawindaji wa kulungu walitaka greni 100, wakaenda kwa .243. Mwaka 1963 Remington waliukaza msokoto hadi inchi 9 na kuiita risasi ileile, ganda lilelile, 6mm Remington. Wanunuzi walikuwa wamekwisha kuondoka.

Msasi wa Bondeni ameandika tena:

Ahsanteni sana. Jana usiku nilifanya kipimo ambacho nilipaswa kukifanya kabla ya kununua vile vichwa: nilifunga kitambaa cha kubana kwenye ufito wa kusafishia, nikauchora mstari kwa kalamu ya wino, nikausukuma taratibu nikitazama mstari ukizunguka mpaka uliporudi juu. Inchi 14 barabara. Leo asubuhi nilipiga vichwa vya greni 87 na matundu yote matano ni ya duara, yakiwa yamekaa ndani ya nafasi ya kifuniko cha chupa ya soda. Je, Fundi, ungenishauri nibadilishe mtutu niweke wenye msokoto wa inchi 10?

Fundi Mitutu amejibu:

Kazi hiyo ningeweza kuifanya na ningekutoza pesa nzuri, lakini sikushauri. Savage 99 iliyokaa katika hali yake ya asili ina thamani ambayo mtutu mpya utaipunguza, na bunduki za bolti zenye msokoto unaoutaka zimejaa madukani. Vile vichwa vya greni 120 usivitupe, mtu mwenye .257 Roberts atakubadilishia kwa furaha, kwani kipenyo cha kichwa ni kimoja ingawa namba za majina zinatofautiana.