Vinundu katika ubongo wa sungura ambao hawakuambukizwa kuvu

Mtafiti Chipukizi
Ndugu wanajukwaa, tunachunguza homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu ya Cryptococcus neoformans, kwa kutumia sungura walioshushwa kinga kwa kotisoni. Kinachonitatiza ni kwamba sungura wawili wa kundi linganishi, waliopewa kotisoni lakini hawakudungwa kuvu kamwe, wamekutwa na vinundu ubongoni, na mmoja wao alikuwa akiinamisha kichwa upande mmoja kwa siku kadhaa. Je, yawezekana kuvu ilivuka kutoka kizimba kimoja hadi kingine?

Jicho la Hadubini
Sidhani. Kuvu hiyo kwa kawaida haiambukizwi kutoka mnyama hadi mnyama, na joto la mwili wa sungura, ambalo hufikia nyuzi 39 na zaidi, huizuia kustawi. Ndiyo maana nanyi mmelazimika kutumia kotisoni. Ningemshuku Encephalitozoon cuniculi, kimelea anayejificha ndani ya seli za ubongo na figo za sungura, mara nyingi bila dalili yoyote, mpaka kinga itetereke. Hebu zitazameni tena figo: je, zina vishimo vidogo vya makovu juu yake? Kisha pimeni ukubwa wa chembe mnazoziona ndani ya vinundu, kwa sababu spora zake (mbegu ndogo anazoenea kwazo) zina urefu wa mikromita 2.5 hivi, ilhali seli ya kuvu yenu huwa na 5 hadi 10, tena imevikwa gamba la ute linalogeuka jekundu kwa rangi ya musikamini.

Mtafiti Chipukizi
Vishimo vipo, tulidhani ni uzee tu. Lakini huyo si protozoa, yaani kijidudu cha seli moja kisicho kuvu?

Tabibu wa Wanyama
Vitabu vya zamani vilimweka huko, ila uchunguzi wa jeni umemhamishia kwa jamaa za kuvu, ingawa (ajabu yake) sungura hutibiwa kwa fenbendazoli, dawa ya minyoo. Spora hutoka kwa mkojo, na mama huweza kumwambukiza mtoto tumboni, hivyo kuosha vizimba pekee hakutoshi. Pimeni kingamwili za kila sungura kabla ya kotisoni, mkikumbuka kwamba kingamwili huonyesha tu kuwa mnyama amewahi kukutana na kimelea, si kwamba ndicho kilichomuumiza. Wale wawili msiwaondoe kimyakimya kwenye takwimu.

Mtafiti Chipukizi
Ahsante, daktari. Seramu (majimaji ya damu yenye kingamwili) tulizochukua siku walipofika zingali kwenye friza; nitaanza na hizo.