Simu ambayo Nixon hakuipiga: mtunzi wa filamu ana ruhusa hiyo?

Mzee wa Kaseti: Wakuu, jana nimerudia kuitazama Frost/Nixon, filamu ya Ron Howard ya 2008, na donge langu liko palepale. Usiku, Nixon, rais wa Marekani aliyejiuzulu, kalewa, anampigia David Frost, mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, simu hotelini na kumtolea ya moyoni: jinsi wakubwa walivyowadharau wote wawili. Frank Langella kaigiza mpaka mwili unasisimka. Ila simu hiyo haikupigwa! Kaitunga Peter Morgan, mwandishi wa filamu. Sasa ukimgusia mtu mahojiano yale ya 1977, Frost alipomhoji Nixon kwenye televisheni, anakusimulia simu. Huko si kuwapotosha watu?

Dada wa Pangani: Shikamoo mzee. Mbona filamu ilianza kama mchezo wa jukwaani, nani alituahidi taarifa ya habari? Mahojiano yenyewe yalirekodiwa kwa saa zaidi ya 28. Bila mtu wa kukata na kuunga, ungelala kitini. Simu ni njia ya kutuonyesha kifua cha Nixon kilibeba nini.

Mzee wa Kaseti: Marahaba mwanangu. Kukata sina neno. Lakini ulevi ule unanifanya nimhurumie, wakati kwenye kanda halisi hanihurumishi hata chembe. Anaulizwa kuhusu rais kuvunja sheria kwa kisingizio cha usalama wa taifa, anajibu kavu kwamba rais akilifanya jambo, basi si kosa kisheria. Kakaa na suti yake, hajalewa. Mimi hapo ndipo ninapoogopa. Halafu pesa: alilipwa dola 600,000 na kuahidiwa asilimia 20 ya faida. Yaani akitoboa mazito, kipindi kinauzika, na yeye anavuna. Hicho ndicho kifua ningetaka mtunzi akipasue.

Fundi Redio: Mimi niko na mzee, kwa sababu nyingine: ukweli ulikuwa mtamu kuliko huo utunzi. Walipofika penyewe pa Watergate, kashfa iliyomng'oa Nixon madarakani, msaidizi wa Nixon, Jack Brennan, aliinua kibao nyuma ya kamera kuomba wazungumze kwanza. Frost, kama alivyosimulia mwenyewe, akakisoma vibaya, akadhani kinasema "mwache aseme". Kwenye filamu Brennan anaingia tu na kukatiza kurekodi. Jamani, kibao kimesomwa vibaya mbele ya rais aliyejiuzulu, na mtunzi anakiacha kinapita?

Dada wa Pangani: Hicho sikukijua. Haya, kibao nawapa. Simu siwapi.