Mtoto akiuliza kwa sauti kuhusu mwili wa mtu mwingine, tumjibuje?

Mama Neema (Nkuhungu, Dodoma)
Habari zenu, wazazi wenzangu. Juzi nilikuwa ndani ya daladala nikitoka Soko la Majengo na binti yangu wa miaka minne, akaingia mama mmoja mwenye ualbino akiwa amembeba mwanawe mgongoni, na binti yangu akauliza kwa sauti iliyosikika gari zima: "Mama, mbona yule mama ni mweupe na mtoto wake ni mweusi?" Nilimziba mdomo kwa kiganja, nikatazama dirishani mpaka tuliposhuka. Yule mama hata sikumsalimia. Naona nimewakosea wote wawili, na mwakani binti yangu anaanza darasa la awali. Ningefanya nini?

Mwalimu wa darasa la pili (Chamwino)
Mama Neema, pole. Binti yako aliuliza swali zuri, kwa kuwa kwa kawaida mtoto huzaliwa na ualbino pale tu anaporithi hali hiyo kwa baba na kwa mama, na ndiyo maana mtoto wa yule mama ana ngozi kama ya wengine. Kwa umri wa miaka minne ingetosha kumwambia: "Ngozi yetu ina rangi inayotukinga na jua, yeye alizaliwa na rangi kidogo sana, kwa hiyo huvaa kofia pana." Kisha mngemsalimia pamoja. Nisamehe nikisema wazi kwamba kiganja chako kilimfundisha mtoto kuwa kuna miili isiyotajwa.

Darasani kwangu walihamia watoto kutoka upande wa Singida wenye meno ya kahawia, wakawa wanaambiwa kwamba hawapigi mswaki. Sikuwakemea waliosema hivyo. Niliwaeleza wote kwamba maji ya baadhi ya visima yana madini mengi ya floridi, ambayo huingia kwenye jino lingali ndani ya ufizi, kabla halijachomoza, wala mswaki hauwezi kuyatoa. Wiki hiyohiyo nilimsikia mmoja wa wale waliokuwa wakicheka akimweleza mdogo wake habari za visima, tena kwa ufasaha kuliko mimi.

Baba Baraka (Kongwa)
Mwanangu ana ualbino. Ombi langu la kwanza ni hili: neno "zeruzeru" lisitamkwe tena nyumbani mwenu, hata mnapodhani mtoto amelala, na msimwite "mzungu" mkidhani mnamsifu. Sema "mtu mwenye ualbino", au mwite kwa jina lake. La pili, mwelezeni mtoto kwamba macho ya rafiki yake huchezacheza yenyewe na hayaoni mbali, kwa hiyo akikaa mbele karibu na ubao hapendelewi. Wenzake Baraka walipojua kwamba jua la mchana humchoma, waliuhamishia mpira wao jioni, chini ya mbuyu, bila mtu mzima yeyote kuwaagiza. Siku ile nililia.

Bibi wa Kondoa
Wanangu, mguu wangu mmoja ulipooza kwa polio nikiwa mdogo, kabla matone ya chanjo hayajafika kijijini kwetu. Mtoto mmoja aliniuliza, "Bibi, mguu wako umelala?" Mama yake alitaka kumchapa, nikamzuia. Nilimweleza yule mtoto, nikampa fimbo yangu aishike, akatembea nayo uani hadi alipochoka. Wanaoniumiza ni wale wanaonipita kama kiti kitupu.

Mama Neema
Shikamoo, bibi. Asanteni nyote. Jana usiku nilimweleza binti yangu habari za rangi ya ngozi kwa maneno ya mwalimu, akaniuliza kama mtoto wa yule mama naye anahitaji kofia, nikamwambia kwamba jua la Dodoma ni kali kwa kila mtu. Kisha nikamsimulia habari zako, bibi, naye anataka kujua kama fimbo yako ina mpira chini.