Krediti za chuo ukiwa bado sekondari: tupeane uzoefu, wazazi na vijana wa Marekani

MamaWatatu, Minnesota

Habari zenu ndugu zangu. Mada hii nimekaa nayo moyoni muda mrefu, leo nimeamua kuileta. Nazungumzia watoto wetu huku Marekani kusoma masomo ya chuo wakiwa bado sekondari, krediti (zile pointi unazopata kwa kila somo la chuo unalofaulu) zikahesabika pande zote mbili. Aliyepitia, awe mzazi au mwanafunzi, atueleze yaliyomkuta, matamu na machungu. Naanza mimi.

Hapa Minnesota mpango unaitwa PSEO. Upo tangu 1985, lakini kifungua mimba wangu alipofika gredi ya 10 (sekondari huku huisha gredi ya 12) mimi sikuwa nimewahi kuusikia. Karatasi aliileta nyumbani. Naikumbuka hadi rangi, njano, niliibana kwenye mlango wa friji kwa sumaku. Nilikuwa na zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee, narudi saa moja asubuhi, nachukua maziwa, naiona. Imeandikwa ada bure, vitabu bure. Nikajiambia, bure ya nchi hii mwisho wake ni bili. Nimekulia Morogoro nikijua mtu anamaliza kidato cha sita kwanza ndipo anawaza chuo. Tarehe 30 Mei, ambayo ndiyo ilikuwa mwisho wa kuiarifu shule, ikapita karatasi ikiwa palepale. Kijana wangu alimaliza sekondari, akaenda chuo, na mpaka leo anakatwa mkopo kila mwezi kwa masomo yaleyale ya mwaka wa kwanza ambayo angeyasoma bila kulipa. Hajawahi kunilaumu. Mimi ndiye linaniuma.

Zamu ya wa pili ilipofika nilikwenda mwenyewe kwa kaunsela, na sare yangu ya kazini. Chuo cha miaka miwili kilicho karibu nasi kilitaka mwanafunzi wa gredi ya 11 awe kwenye theluthi ya juu ya darasa lake; wa 12, nusu ya juu. Akapokelewa. Mihula minne, krediti 15 kila muhula, jumla 60, na shahada ya kwanza huwa 120. Mei ile alivaa joho mara mbili: la hicho chuo cha miaka miwili kwanza, la sekondari wiki mbili baadaye. Ada sikutoa hata dola moja. Vitabu chuo kilimpa, akavirudisha. Kuna hata fomu ya kurudishiwa gharama za usafiri kwa familia za kipato kidogo, ila hiyo niliijua umebaki muhula mmoja.

Wazazi wenzangu, jiandaeni na hili pia: chuoni hawakupi alama za mtoto. Nilipiga simu Oktoba nikaambiwa kwa upole kwamba kwa sheria ya faragha, FERPA, akishakuwa mwanafunzi wa chuo taarifa ni zake yeye, hata kama ana miaka 16. Mpaka asaini fomu ya ruhusa. Msainisheni siku ya kwanza.

BabaKent, Washington

Shukrani mama kwa kuanzisha hii. Sisi huku tuna Running Start, ni ya gredi ya 11 na 12. Karo ya masomo hulipi, lakini vitabu, usafiri na ada ndogondogo ni mzigo wa mzazi. Sisi vitabu ndivyo vilitushika. Vyuo vya huku vinaenda kwa robo ya mwaka, kwa hivyo ununuzi ni mara tatu kati ya Septemba na Juni. Na kilichoniuma zaidi si kitabu chenyewe, kwa sababu kitabu unaweza kupata cha mtumba. Ni ile namba ya kuingilia kwenye tovuti ambako wanafanyia kazi za nyumbani. Inakuja kwenye kadi ya kukwaruza, kama zile za simu za kule nyumbani. Ukishakwaruza haiuziki tena, na robo ikiisha imekufa. Somo moja la kemia, zaidi ya dola mia.

Mwaka wa pili msichana wangu alijifunza kuuliza ofisi ya Running Start kama wana vitabu vya kuazimisha. Walikuwa navyo. Pia alianza kumwandikia mwalimu barua pepe kabla robo haijaanza: je, toleo la zamani litafaa? Mara nyingi jibu lilikuwa ndiyo.

BintiWaNyarugusu, Ohio

Shikamooni wakubwa wote. Mimi ndiye mwanafunzi mwenyewe, na yangu ni machungu, lakini niacheni niyaseme yote.

Wazazi wangu ni wa Uvira, mimi nimezaliwa kambini Nyarugusu, Kigoma. Tulifika Ohio nikiwa na miaka 14. Nilikuwa na bidii kweli. Gredi ya 11 mtu mmoja shuleni akaniambia kuna College Credit Plus, masomo ya chuo bila ada, na mtu mwenye bidii kama mimi asikose. Akaniandikisha masomo mawili ya krediti tatu tatu: hesabu, na saikolojia ya mtandaoni. Hakuna aliyeniuliza Kiingereza changu cha kusoma kimefika wapi. Cha kuongea kilikuwa kizuri, watu wakidanganyika nacho.

Hesabu nilipata B. Saikolojia ilikuwa sura mbili za kitabu kila wiki, kurasa sitini hivi. Nilikuwa nasoma na kamusi ya simu, neno kwa neno, mpaka saa nane usiku, na mdogo wangu amelala pembeni nimemfunika uso na kitenge asisumbuliwe na mwanga. Wiki ya sita nikajua siwezi. Nikangoja mkutano wa wazazi wa shule mwezi wa kumi na moja ili niombe kuliacha somo. Nilipofika nikaambiwa tarehe ya kujitoa ilishapita. Nilikuwa nimeifuata kalenda ya shule, kumbe tarehe iliyokuwa inanihusu iko kwenye kalenda ya chuo. Nikapata F.

Nilidhani imeisha hapo. Nilipomaliza sekondari nikaingia chuo kilekile nisomee uuguzi. Ofisi ya msaada wa fedha ikaniita: nimejaribu krediti 6, nimefaulu 3, hiyo ni nusu, na wao wanataka mwanafunzi awe amefaulu asilimia 67 ya alizojaribu ili aendelee kupata pesa za serikali. Mimi sikuwa nimekaa hata siku moja chuoni kama mwanafunzi wa kawaida, tayari nina onyo. Mama alilia. Alifikiri tutarudishwa.

Nilichofanya: niliandika barua ya rufaa nikaeleza nilifika mwaka gani, nikaambatanisha matokeo yangu ya Kiingereza ya wakati ule na barua ya mwalimu wangu wa lugha. Walinikubalia kwa masharti. Nikalirudia somo lilelile, safari hii darasani, na mwalimu wa uso kwa uso. Nikapata B. Sasa nimebakiza mwaka mmoja.

Kwa wenzangu mliofika mkiwa wakubwa kidogo kama mimi: anzeni na somo moja, la darasani, na tarehe ya kujitoa iandikeni ukutani.

MamaWatatu

Mwanangu, marahaba. Pole sana. Nimekusoma mara mbili, na hiyo ya kitenge imenifanya niweke simu chini kidogo. Hongera kwa kuandika ile barua.

MzaziHouston, Texas

Wapendwa, naongeza jambo ambalo sisi hatukulijua. Krediti *kukubaliwa* na krediti *kuhesabika kwenye shahada* ni vitu viwili.

Kijana wetu alisoma ile sekondari inayofungamana na chuo, akamaliza na saa 60 (huku Texas wanaita saa). Vyuo vya umma vya jimbo vinatakiwa kutambua masomo ya msingi, ambayo ni saa 42, basi sisi tukapiga hesabu ya miaka miwili tu iliyobaki. Akachagua uhandisi wa mitambo. Barua ikaja: saa zote 60 zimekubaliwa. Tulipika pilau siku hiyo.

Kisha tukaenda kumwona mshauri wa kitivo. Akatoa karatasi ya mpango wa shahada, akaanza kuweka tiki kwa kalamu ya bluu. Historia, tiki. Serikali, tiki. Uandishi, tiki. Halafu zikaja sanaa, michezo, saikolojia mbili, sosholojia, na kalamu ikawa haishuki. Zimekubaliwa, lakini uhandisi hauna mahali pa kuziweka. Na kalkulasi, ile hesabu ya juu, hakuwa ameigusa, na huko uhandisini kalkulasi ya kwanza inafungua ya pili, ya pili inafungua fizikia, fizikia inafungua kozi za mitambo. Huwezi kuruka ngazi. Alimaliza kwa miaka mitatu na nusu. Tumeokoa muhula mmoja, na mihula mingine ilikuwa myepesi, nashukuru. Ila laiti angechukua kalkulasi gredi ya 11 badala ya ile sosholojia.

Kwa walio Texas sasa: tangu 2023 kuna mpango wa FAST, watoto wanaostahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu hawalipi ada kwenye vyuo vilivyojiunga. Ulizeni.

Mwanabiolojia

Upande wa mitihani ya AP kwa kifupi, yaani masomo ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari. Unasoma hapohapo shuleni, mtihani Mei, alama ni 1 hadi 5. Wengi wanasema 3 inatosha. Chuo changu kilitaka 4 kwenye biolojia. Nilipata 4. Uzuri wa AP ni kwamba ukifanya vibaya hauachi doa kwenye transkripti (rekodi ya alama) ya chuo kama lile la dada wa Ohio. Ubaya ni kwamba mwaka mzima unapimwa kwa asubuhi moja.

KidatoChaSita

Mimi nilikuja na cheti cha kidato cha sita kutoka Tanzania, sikujua kama kina krediti ndani yake. Rafiki Mkenya akanisukuma niulize ofisi ya udahili. Waliomba matokeo yatoke NECTA, baraza la mitihani la Tanzania, moja kwa moja, wakanipa krediti za kemia na hesabu. Siyo kila chuo kinafanya hivyo, lakini mliokuja na cheti, msikifungie kabatini.

MwanaWaPili, Minnesota

Mama kaniambia niandike. Ni mimi mwenye majoho mawili 🙂 Kuna krediti nyingine hakuzitaja: za Kiswahili. Minnesota inatoa muhuri wa lugha mbili kwa mwanafunzi wa sekondari anayefaulu mtihani wa kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea, na vyuo vya jimbo vinatakiwa kuutambua kwa krediti. Kuandika ndiko kulikonipa shida, maana nyumbani tunaongea tu. Bibi alinisaidia kwa simu kutoka Morogoro, ananisomea imla Jumapili, mimi naandika, nampigia picha, anasahihisha "ameshakwisha kula" na mengineyo. Krediti haziji zenyewe; unaziomba chuoni, na muda ni miaka mitatu ya masomo baada ya kumaliza sekondari.

MgeniStCloud

Samahani dada MamaWatatu, nimechelewa kusoma. Binti yangu yuko gredi ya 10 sasa hivi, na hakuna barua iliyokuja nyumbani. Ndiyo amekosa?

MamaWatatu

Hapana mdogo wangu, hajakosa. Usisubiri barua. Kwa gredi ya 10 wanaanza na somo moja la ufundi, awe amefaulu mtihani wa jimbo wa kusoma wa gredi ya 8. Akipata C au zaidi anaruhusiwa kuongeza. La sivyo, anaanza gredi ya 11 kama wangu, na hapo taarifa iwe shuleni kabla ya tarehe 30 Mei. Jumamosi hii sina zamu. Nitumie namba yako kwa ujumbe wa pembeni, uwe na matokeo yake karibu, tuijaze fomu pamoja.